Risasi Isiyo na Mlio



Kiswahili kimeyapa mambo mawili jina moja. Risasi ni ile inayotoka katika mtutu wa bunduki. Na risasi ni madini, yale mazito ya rangi ya kijivu yaliyomo ndani ya betri ya gari. Ya kwanza tunaijua. Wapo miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu walioisikia ikipita juu ya vichwa vyao siku ya Saba Saba, 1990. Inapomwua mtu kuna mlio, kuna damu, kuna maiti, na kuna afisa wa kuulizwa. Ya pili haina mlio. Inatoka kwenye bomba la moshi usiku, inaanguka juu ya paa la mabati, inateremka na maji ya mvua hadi ndani ya tangi, inaingia katika uji wa mtoto. Na baada ya miaka saba mwalimu anamwita mama na kumwambia kwamba mtoto wake ni mzito wa kuelewa. Hakuna anayeshtakiwa. Hata mama mwenyewe hajui kwamba amenyang'anywa kitu.

Nimeshika kalamu kudai sheria. Sidai tume ya uchunguzi, wala semina hotelini, wala hotuba ya Siku ya Mazingira. Nadai kwamba Bunge la Kaunti ya Machakos litunge sheria inayoitaja risasi kwa jina kuwa sumu ya hewa, inayomlazimisha mwenye tanuru kuipima penye ukuta wake, na inayomlazimisha afisa wa umma kulizima tanuru hilo kipimo kinapopita kiwango. Nasema KUMLAZIMISHA. Msomaji akinivumilia ataona kwa nini neno hilo nimeliandika kwa herufi kubwa.

Twende Mombasa kwanza, kwa maana huko ndiko somo lilikolipiwa.

Owino Uhuru ni kitongoji cha watu wapatao 3,000 karibu na Mikindani, nyumba za udongo na mabati zilizoshikana. Mnamo 2007 kiwanda cha kampuni ya Metal Refinery (EPZ) kilianza kazi ukutani mwa kitongoji hicho. Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya betri kuukuu za magari, kuzipasua, kumwaga tindikali iliyomo, na kuyeyusha risasi yake ili iuzwe ng'ambo. Risasi huyeyuka upesi, kwa joto la nyuzi 327 tu. Tanuru likizidishwa moto, sehemu ya risasi hugeuka mvuke, na mvuke ukipoa huwa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo hutua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sukuma wiki, na juu ya udongo ambamo watoto hucheza kisha wakatia vidole kinywani. Risasi iliyosafishwa ilipanda meli ikaenda zake. Vumbi lilibaki Owino Uhuru.

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote na risasi. Ukiipokea huihifadhi mifupani kana kwamba ni kalisi, na huko hukaa kwa miongo. Mwanamke aliyeivuta akiwa msichana huitoa mifupani anapokuwa mjamzito, ikavuka hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mtoto mdogo, akimeza risasi, mwili wake hunyonya mara nne au tano zaidi ya ule wa mtu mzima, na hapo ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Nayaeleza haya kwa sababu nimesikia, hata ndani ya kanisa, watu wazima wakisema kwamba moshi ni moshi tu, na kwamba hata jiko la makaa lina moshi. Moshi wa makaa unakutoa machozi ukaenda kufungua dirisha. Huu mwingine haukutoi machozi, na ukifungua dirisha ndipo unapoukaribisha.

Ni nani aliyegundua maovu ya Owino Uhuru? Hakuwa mkaguzi wa serikali. Hakuwa daktari wa wilaya, wala mbunge, wala sisi mawakili. Alikuwa mama. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda kile mwaka wa 2009 kushughulikia uhusiano na jamii. Mtoto wake mchanga akaugua, akatibiwa huku na huku bila kupata nafuu, mpaka damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Omido akaacha kazi, akatafuta watoto wengine wa kitongoji wapimwe, nao wakakutwa nayo. Akaandika barua, akabisha milango ya ofisi, akaongoza maandamano. Mwaka wa 2012 alikamatwa pamoja na wanakijiji wenzake na kushtakiwa kwa uchochezi. Nyinyi mliokamatwa kwa kubeba bango mnalijua shtaka hilo. Halikuzeeka hata kidogo. Mahakama ilimwachilia. Kiwanda hakikufungwa hadi 2014. Mwaka uliofuata dunia ilimpa Tuzo ya Goldman, na sisi Wakenya tukapiga makofi kana kwamba tulikuwa naye tangu mwanzo.

Kwa miaka saba, mashine ya kupima hewa ya Owino Uhuru ilikuwa damu ya watoto. Serikali haikuwa na nyingine pale. Sindano ikichomwa mkononi mwa mtoto, hapo ndipo taifa lilijua hewa ikoje.

Sasa niingie katika fani yangu. Je, hapakuwa na sheria? Ilikuwapo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilitungwa 1999, na kifungu chake cha 78 kiliagiza kwamba viwango vya ubora wa hewa viwekwe. Kanuni za maji zilitoka 2006. Kanuni za taka zilitoka 2006. Kanuni za kelele zilitoka 2009. Yaani serikali yetu iliona haraka zaidi kumlinda mtu na redio ya jirani kuliko kumlinda na tanuru la jirani. Kanuni za Ubora wa Hewa zilitoka lini? 2014. Miaka 15 baada ya sheria mama, na mwaka ule ule kiwanda cha Owino Uhuru kilipofungwa. Tanuru lilianza, likachoma, likazimwa, na katika karibu uhai wake wote hapakuwa na kanuni hata moja nchini Kenya iliyotaja ni kiasi gani cha risasi kinaruhusiwa katika hewa anayovuta mtoto.

Na kanuni hizo zilipokuja, zilikuja na jambo la kushangaza. Risasi zilitaja, hilo nalikiri na kulishukuru. Lakini zilipanga viwango kwa mafungu: hewa ya eneo la viwanda iliruhusiwa kubeba risasi nyingi zaidi kuliko hewa ya eneo la makazi. Mtu aliyeandika hivyo alikuwa na ramani ya London mezani, si ya Kenya. Katika Kenya hii, eneo la viwanda liko wapi na makazi yako wapi? Owino Uhuru palikuwa na ukuta katikati. Mapafu ya mtoto aliye upande mmoja wa ukuta hayatofautiani na ya mfanyakazi aliye upande wa pili, na mara nyingi huyo mfanyakazi ni baba yake, anayerudi nyumbani jioni na vumbi lile lile nguoni na kumpakata mtoto kabla ya kuoga.

Wasomaji wa Biblia wanalikumbuka shamba la Nabothi. Sisi mawakili tukiisoma habari ile huona jambo ambalo wahubiri wengi hulipita. Utaratibu wote ulifuatwa! Barua ziliandikwa na kutiwa muhuri wa mfalme. Wazee wa mji waliitwa. Mashahidi walikuwa wawili, kama torati ilivyotaka. Kesi ile ingeletwa leo mbele ya jaji wa rufaa, angekuta jalada limekamilika. Basi nami nikiambiwa kwamba kiwanda fulani kina karatasi zote, siulizi tena juu ya karatasi. Kiwanda cha Owino Uhuru kilikuwa ndani ya mpango wa EPZ, kimesajiliwa, kinajulikana ofisini. Nauliza bombani mnatoka nini, nani amepima, na lini.

Wananchi wa Owino Uhuru walikwenda mahakamani 2016. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa ushindi: fidia ya shilingi bilioni 1.3, na amri kwamba udongo wao usafishwe. Jaji aligawanya lawama, na mgawanyo huo ndio ninaotaka tuutafakari. Mwenye kiwanda hakubeba mzigo mkubwa kuliko wote. Fungu kubwa, asilimia 40, lilibebeshwa NEMA, mamlaka ile ile iliyoundwa kulinda mazingira. Wizara ya Mazingira, Wizara ya Afya na mamlaka ya EPZ nazo zilitiwa hatiani. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua tuzo ya fidia, watu wakaanza kulia upya. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Tangu kilipoanza kuchoma hadi neno hilo la mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa tanuru alikuwa amefika umri wa kumaliza shule ya upili, kama kichwa chake kiliachiwa nguvu ya kumaliza.

Naiheshimu hukumu hiyo, na mawakili walioipigania nawavulia kofia. Lakini tusidanganyane. Fidia haiutoi mfupani mwa mtu uchafu ulioingia. Na asilimia 40 ya NEMA inatoka mfuko gani? Hakuna mkurugenzi atakayeuza gari lake. Ni kodi. Ni senti za muuza mboga wa Marikiti ya Machakos, ambaye hajawahi kufika Mikindani. Tanuru likiachwa bila kupimwa, faida ni ya mtu mmoja, ugonjwa ni wa kijiji, na deni ni la taifa zima. Ni wizi wa kura wa aina nyingine: tunaamuliwa bila kuulizwa, kisha tunatumiwa gharama.

Wapo watakaosema kwamba viwango vya hewa ni anasa za mataifa tajiri. Hebu tutazame hao matajiri walivyovipata, kwa maana hawakupewa kama zawadi. Marekani ilitunga sheria yake kuu ya hewa safi mwaka wa 1970. Sheria ilisema kwamba uchafu wa hewa unaodhuru afya na unaotoka katika vyanzo vingi utatiwa katika orodha, na ukishatiwa orodhani kiwango chake kitawekwa. Risasi ilikuwa kila mahali: katika petroli, katika matanuru. Na bado mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, EPA, haikuitia orodhani. Ilijitetea kwamba kuitia ni hiari yake, na kwamba ingetosha kuipunguza katika petroli. Raia, kupitia chama kiitwacho Natural Resources Defense Council, waliishtaki. Mwaka wa 1976 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba pale Bunge liliposema "itafanya", mamlaka haiwezi kusoma "ikipenda inaweza kufanya". Risasi ikaingia orodhani. Mwaka wa 1978 kiwango kikawekwa: mikrogramu 1.5 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Zaidi ya hapo mwenye tanuru amevunja sheria.

Miaka ikapita, sayansi ikasonga, kiwango kikalala. Wakaamka tena raia. Herculaneum ni mji mdogo wa jimbo la Missouri ulioishi na tanuru la risasi tangu 1892. Mwaka wa 2004 wapigania mazingira wa Missouri waliishtaki EPA kwa kukataa kukipitia upya kiwango chake. Mahakama ikailazimisha. Mwaka wa 2008 kiwango kiliteremshwa hadi mikrogramu 0.15, yaani mara kumi chini ya kile cha awali, na mwishoni mwa 2013 tanuru la Herculaneum likazimwa. Tangu 1980, risasi katika hewa ya Marekani imepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Sisemi Wamarekani ni malaika. Betri zao nyingi kuukuu zilivushwa mpaka na kwenda kuyeyushwa Mexico, ambako sheria ilikuwa legevu zaidi. Sumu hutafuta mlango uliosahauliwa wazi. Hilo pia ni funzo kwetu, maana nasi tuna milango.

Tena si lazima tuvuke bahari kutafuta mfano. Mwanzoni mwa 2006 Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara. Je, mliona matatu hata moja iliyokataa kuwaka? Mwekezaji gani alifunga virago? Iliamuliwa, ikatekelezwa, na watoto wote waliozaliwa tangu hapo kando ya barabara ya Mombasa wamevuta hewa yenye risasi kidogo kuliko tuliyovuta sisi. Serikali inaweza. Inapotaka.

Na sasa nirudi nyumbani Ukambani. Athi River iko katika kaunti yetu. Hapo ndipo lilipo eneo kubwa la EPZ, lililoanzishwa chini ya sheria ya 1990, pamoja na viwanda vya saruji, vya chuma na vya aina nyingi, na kuzunguka hivyo vyote kuna nyumba, shule na makanisa yanayoongezeka kila mwaka kuelekea Mlolongo na Syokimau. Simtuhumu mwenye kiwanda yeyote hapa. Atakayesoma makala hii akasema nimemtaja, basi amejitaja mwenyewe. Nasema tu kwamba kila gari jipya, kila pikipiki, kila nyumba inayofungwa sola kule Mwala na Masinga ina betri, na betri hizo hufa baada ya miaka michache, na risasi yake ina bei sokoni. Mahali fulani zitayeyushwa. Mwenye tanuru atatafuta ardhi karibu na barabara kuu, karibu na reli, karibu na umeme na vibarua. Nitajieni mahali panapofaa zaidi ya Athi River!

Nilialikwa wakati fulani kuzungumza na akina mama wa kanisa moja la hapo juu ya urithi wa ardhi, kazi ninayoifanya kila wiki. Tulipomaliza, mama mmoja wa rika la mama yangu mzazi alinyanyua mkono.

"Wakili, mwanangu, mambo ya shamba tumeyaelewa. Sasa huu moshi wa usiku unapimwa na nani?"

Nikamwambia, "Mama, iko mamlaka ya serikali yenye kazi hiyo."

Akaniuliza, "Wanakuja usiku?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nilikusanya karatasi zangu. Nimesimama mbele ya majaji kwa miaka mingi, na ni mara chache nimeulizwa swali lililonikata maneno namna ile. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Mama, wewe una haki ya kudai, na Kaunti ya Machakos ina mamlaka ya kutenda. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Miongoni mwa kazi walizokabidhiwa serikali za kaunti imo hii: kudhibiti uchafuzi wa hewa. Haikuandikwa kwamba kaunti isaidie, wala ishauriwe. Ni kazi yake. Waheshimiwa wetu wanaijua sana sehemu ya jedwali hilo inayohusu ada za soko na mabango ya matangazo, kwa maana huko kuna mapato. Na ajabu ni kwamba mabango na hewa vimo katika aya moja. Wamesoma nusu ya sentensi.

Wapo watakaopinga kwamba viwango ni kazi ya serikali ya taifa. Nawajibu kama wakili: sheria ya kaunti inayoongeza kipimo mahali ambapo sheria ya taifa inaruhusu kipimo haigongani nayo, na Kifungu cha 191 kinaziagiza mahakama zichague tafsiri inayoziweka sheria mbili pamoja kuliko inayozigombanisha. Wengine watadai kwamba EPZ ni eneo maalumu. Maalumu kwa ushuru, ndiyo. Msamaha wa kodi wa miaka 10 haukuwa kamwe msamaha wa mapafu ya watu, na mamlaka ya EPZ yenyewe ilikutwa na hatia Mombasa.

Na ajira? Hili silipuuzi, nimelelewa na mshahara wa kibarua. Lakini muulizeni anayelileta hoja hiyo ni ajira ngapi zilizobaki Owino Uhuru tangu 2014. Kiwanda kinachoweza kuishi tu kwa kutopimwa hakiajiri watu, kinawatumia. Kile chenye vichungi na tanuru lililofunikwa hakina cha kuogopa kwenye mashine ya kupima, bali mashine hiyo inamkinga na mshindani mchafu anayeuza kwa bei ya chini kwa sababu gharama zake zimelipwa na figo za jirani.

Sheria tunayoitaka iwe na mambo haya, na isiachiwe mtu hiari. Risasi itajwe kwa jina kuwa sumu ya hewa. Kiwango kiwe kimoja kwa kila mahali watu wanapoishi au kufanya kazi, bila hewa ya tajiri na hewa ya maskini, nacho kisiwe kilegevu kuliko mikrogramu 0.5 kwa wastani wa mwaka, mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa kwa ajili ya Ulaya. Kama waheshimiwa wana ujasiri wa 0.15, tutawashangilia. Kila anayeyeyusha risasi au betri aweke mashine ya kupima penye mpaka wa kiwanda chake, usiku na mchana, nayo isimamiwe na mtu asiyelipwa na kiwanda hicho. Matokeo yabandikwe kila mwezi katika ofisi ya wadi, zahanati na shule iliyo karibu, kwa Kiswahili na Kikamba. Kipimo kikipita kiwango, afisa ATALIFUNGA tanuru. Na asipolifunga, atajibu yeye binafsi. Neno "anaweza" lisiwemo katika kifungu hicho hata mara moja. Nimeona neno hilo likiwaachilia watu wengi.

Hatuhitaji kungoja mgonjwa wa kwanza. Hapa naomba vijana wasikilize, kwa maana hawakuziona siku zile. Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la orofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru. Jaji alimfukuza kwa hoja kwamba hakuonyesha jengo hilo lingemdhuru yeye vipi, kwa hiyo hakuwa na haki ya kusimama mbele ya mahakama. Bustani ya umma, na mwana wa umma anaambiwa hayamhusu! Leo Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 70 kinasema wazi kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba yuko mtu aliyepata hasara au aliyeumia. Maneno hayo yalinunuliwa kwa mabomu ya machozi na kwa vifungo, na baadhi ya walioyanunua wanasoma makala hii. Kuyaacha yalale kitabuni mpaka damu ya mtoto wa Athi River ikapimwe ni kuitupa bidhaa tuliyokwisha kuilipia.

Ndani ya toleo hili mtakuta karatasi mbili. Ya kwanza ni ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inayompa kila mtu haki ya kuliomba bunge hilo litunge sheria juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka yake. Isomwe kwa sauti baada ya ibada kabla ya kutiwa sahihi, ili hata asiyejua kusoma ajue anatia dole gumba juu ya nini. Andikeni jina kamili, nambari ya kitambulisho na wadi.

Ya pili ni ombi la habari chini ya sheria ya 2016, la kupelekwa kwa NEMA na kwa serikali ya kaunti. Linaomba orodha ya viwanda vyote vya Mavoko vyenye leseni ya kushughulikia betri au risasi, pamoja na vipimo vya hewa vya kila kimoja. Sheria inawapa siku 21 kujibu, na saa 48 tu ikiwa habari inahusu uhai wa mtu. Tumeandika kwamba inahusu uhai. Atakayelipeleka ahakikishe nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na saa, kisha atuletee nakala hiyo. Tutaanza kuhesabu tangu dakika hiyo.